Tarehe 22 Novemba: Siku Tuliyopewa



Wapendwa waumini, wageni wetu waalikwa, na ninyi wanakwaya wenzetu wa zamani mliorudi nyumbani kwa ajili ya Jubilei hii ya Fedha, karibuni Nawoitorong. Kamati ilipotupatia kurasa hizi chache ilituomba tueleze kwa nini kwaya yetu haifanyi sherehe yake siku nyingine yoyote ila tarehe 22 Novemba. Tulidhani ni kazi ya aya moja: ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa waimbaji, basi. Lakini kulitokea jambo lililotufanya tuitazame tarehe hii upya.

Tulikuwa tunatayarisha orodha ya wanakwaya wa kwanza ili tuichapishe katika kijitabu hiki. Mmoja wetu akapendekeza kwamba kando ya kila jina tuweke tarehe ya kuzaliwa, ili vijana wajue wa kumpongeza na siku ya kumpongeza. Tukakusanya vitambulisho. Mama wa kwanza: tarehe 1 Januari. Wa pili: tarehe 1 Januari. Mzee wa sauti ya nne: tarehe 1 Januari. Wenzetu waliokulia kambini Kakuma na baadaye wakaja kuishi Lodwar nao wakaleta kadi zao: 1 Januari, 1 Januari, 1 Januari. Kijana aliyekuwa akiandika akacheka, akauliza kama wazee wetu wote walizaliwa usiku mmoja.

Mama mmoja wa sauti ya pili hakucheka. Alisema, "Mimi nilizaliwa siku moja tu, kama wewe. Ni wao walioniuliza kwa tarehe, na mama yangu alikuwa akihesabu kwa mvua."

Sote tunaujua ukweli huo. Katika Turkana miaka ilikuwa na majina kabla ya kuwa na namba. Njaa ya 1960 iliitwa Namotor, na ile kubwa iliyotufikia kuanzia mwaka wa 1979 iliitwa Lopiar, kwa kuwa ilifagia mifugo. Mtu akisema alizaliwa kabla ya Lopiar, wazee wanamwelewa. Majina yetu nayo ni kumbukumbu: Ekiru na Akiru ni watoto wa mvua, Ekuwam na Akuwam ni wa upepo, Erot na Arot ni wa njiani. Lakini fomu ya ofisini haina nafasi ya kuandika mvua wala upepo. Inataka siku, mwezi na mwaka. Karani akikosa siku na mwezi, anaandika 1 Januari, na yule mtu anaondoka na siku ambayo si yake.

Ndipo tukaona kwamba habari za tarehe moja zina uzito kwetu. Tulikwenda kuchunguza: tarehe 22 Novemba imebeba nini? Na kati ya hayo, yepi yanatuhusu kweli, na yepi yamekutana hapo kama wasafiri wanaokutana stendi?

Tuanze na somo wetu. Mtakatifu Sesilia alikuwa mwanamke wa Roma aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne za kwanza za Kanisa. Mapokeo yanasema aliozwa kwa kijana aitwaye Valeriani, na kwamba siku ya arusi, vyombo vya muziki vilipokuwa vikilia, yeye alikuwa akimwimbia Mungu moyoni. Valeriani na ndugu yake Tiburtio nao wakaamini, wakauawa. Karibu mwaka 821 Papa Paskali wa Kwanza alihamishia masalia yake katika kanisa la mtaa wa Trastevere, Roma, na mwaka 1585 chama cha wanamuziki kilichoanzishwa Roma kwa idhini ya Papa Sisto wa Tano kilichukua jina lake. Jina hilo tunalisikia pia katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, pamoja na Felisita, Perpetua, Agatha, Lusia, Agnes na Anastasia.

Tunaomba msomaji atambue jambo moja. Hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa Sesilia. Siku yake ni ile ambayo Kanisa lilimpa, ili watu wapate siku ya kukusanyika na kumkumbuka. Mama yetu wa sauti ya pili na somo wake wako hali moja.

Sasa tutazame waliozaliwa tarehe hiyo. Kwa watu wa muziki ni orodha ya kufurahisha. Tarehe 22 Novemba 1710 alizaliwa Wilhelm Friedemann Bach huko Weimar, Ujerumani, mtoto wa kwanza wa kiume wa Johann Sebastian Bach. Baba alimwandikia mtoto huyo daftari la mazoezi ya kinanda akiwa na umri wa miaka 9, na mazoezi mengine ya daftari hilo yanapigwa na wanafunzi hadi leo. Mtoto akawa mpiga kinanda hodari sana, lakini alifariki Berlin mwaka 1784 akiwa maskini.

Tarehe hiyo hiyo mwaka 1901 alizaliwa Joaquín Rodrigo huko Sagunto, Hispania. Alipata ugonjwa wa koo akiwa na miaka 3, akapofuka. Alijifunza muziki kwa maandishi ya nukta ya wasioona, na mwaka 1939 akatunga kazi yake maarufu kwa gitaa na okestra, Concierto de Aranjuez. Wapiga gitaa wetu mkumbuke hilo mnapolalamika kwamba taa za kanisani ni hafifu.

Na tarehe 22 Novemba 1913, huko Lowestoft, Uingereza, alizaliwa Benjamin Britten. Huyu alijua vizuri kwamba amezaliwa siku ya Sesilia. Alipokuwa mtu mzima alitunga wimbo wa kwaya kwa heshima ya mtakatifu huyo, ukaimbwa mara ya kwanza tarehe 22 Novemba 1942, siku aliyotimiza miaka 29, vita vikiwa bado vinaendelea.

Je, siku ndiyo iliyowafanya wawe wanamuziki? Hapana. Wapo wengi waliozaliwa siku hiyo bila kutunga wimbo wowote. Charles de Gaulle wa Ufaransa alizaliwa tarehe 22 Novemba 1890, akawa mwanajeshi na rais. Tofauti ni kwamba Britten aliipokea siku yake na kuifanyia kazi.

Kuna tukio la tarehe hiyo lililogusa pwani yetu. Tarehe 22 Novemba 1497 merikebu za Mreno Vasco da Gama zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, zikielekea mashariki. Miezi mitano baadaye, Aprili 1498, zilikuwa Mombasa na kisha Malindi, na hadi leo nguzo ya Wareno yenye msalaba inasimama Malindi ikitazama bahari. Waliokuja na msalaba huo walikuja pia na mizinga, na miji ya Waswahili iliteseka mikononi mwao. Kutoka Malindi hadi Lodwar ilikuwa safari ndefu zaidi: kutoka 1498 hadi misheni ya Kikatoliki ilipoanzishwa hapa 1961 ni miaka 463.

Hata hapo, wahesabu watatukosoa. Wareno wa wakati ule walitumia kalenda ya zamani. Mwaka 1582 Papa Gregori wa Kumi na Tatu aliirekebisha kwa kuondoa siku 10: watu wa Roma walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Kwa hiyo 22 Novemba ya Vasco da Gama si 22 Novemba yetu, ukifuata jua. Ikiwa Papa aliweza kuondoa siku 10 kwenye kalenda ya Kanisa, basi tusishangae sana kwamba karani aliweza kumwandikia nyanya yetu 1 Januari.

Hayo yote yamekutana kwa bahati. Lakini yapo mambo mawili ya tarehe 22 Novemba ambayo hayakukutana hivi hivi, na ndiyo yanayoihusu kwaya hii moja kwa moja.

La kwanza ni la mwaka 1903. Papa Pio wa Kumi, akiwa na miezi michache tu tangu achaguliwe, alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Aliuweka tarehe 22 Novemba kwa makusudi, kwa sababu ni siku ya Sesilia. Wakati ule katika makanisa mengi ya Ulaya muziki wa maonyesho ulikuwa umeingia hadi altareni. Watu walikwenda kumsikiliza mwimbaji badala ya kusali. Papa alitaka kurudisha heshima. Akafundisha kwamba nyimbo za Kigregori ndizo kielelezo, na kwamba waumini washiriki kikamilifu katika ibada, si kukaa kama watazamaji. Kwa hilo tunamshukuru.

Lakini waraka huo huo ulisema kwamba waimbaji wanafanya huduma rasmi ya liturujia, kwa hiyo wanawake wasiwe katika kwaya; sauti za juu ziimbwe na wavulana. Tena ulikataza kinanda cha piano, ngoma, matoazi na vyombo vya kelele ndani ya kanisa.

Tuweke kijitabu chini kidogo, tuitazame kwaya iliyosimama mbele yetu leo. Tuondoe sauti ya kwanza yote. Tuondoe sauti ya pili yote. Tuondoe ngoma, kayamba na njuga. Wanabaki wanaume wachache wamesimama pembeni, na wengine wao, tuseme ukweli, huifuata sauti ya kina mama ndipo waipate yao. Hivyo ndivyo kwaya ya Nawoitorong ingekuwa chini ya sheria iliyoandikwa siku ya mwanamke Sesilia.

Wapo waliofanya kazi ya kuufungua mlango huo polepole. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu wanawake waimbe katika kwaya ikiwa wako nje ya eneo la altare. Mwaka 1958, huko Kamina, Kongo, padre Guido Haazen na kwaya yake waliimba maneno ya Misa ya Kilatini kwa mahadhi na ngoma za Kikongo, na Missa Luba ikasikika duniani kote. Mwaka 1963 padre Mtanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Yeye hakubishana kwa hasira. Alizisoma sheria moja baada ya nyingine na kuuliza zinamaanisha nini kwa Mwafrika anayeimba.

Ndipo likaja jambo la pili. Maaskofu wa dunia nzima walikuwa Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Miongoni mwao walikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika na Askofu Maurice Otunga, ambaye baadaye akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Tarehe 22 Novemba 1963, miaka 60 kamili baada ya waraka wa Pio wa Kumi, walipigia kura hati nzima juu ya liturujia. Zaidi ya 2,100 walisema ndiyo. 19 tu walisema hapana. Papa Paulo wa Sita akaitangaza tarehe 4 Desemba mwaka huo.

Hati hiyo ilichukua lile neno la Pio wa Kumi, kwamba waumini washiriki kikamilifu, ikalifikisha mbali kuliko alivyofika yeye. Ilifungua njia ya kutumia lugha za watu katika Misa. Ilisema kwamba katika nchi za misioni watu wana muziki wao wenyewe, nao upewe heshima na nafasi yake. Ilisema vyombo vingine vinaweza kukubaliwa katika ibada, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na kuwajenga waumini. Na mwaka 1967 maagizo kuhusu muziki mtakatifu yalitaja waziwazi kwaya za wanaume na wanawake pamoja. Siku ile ile iliyotumika kufunga mlango ndiyo iliyotumika kuufungua.

Kwa nini basi ulimwengu hauikumbuki kura hiyo? Kwa sababu jioni ya siku hiyo hiyo kulikuja habari nyingine. Saa sita na nusu mchana kwa saa za Dallas, ambayo huku kwetu ni saa tatu na nusu usiku, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipigwa risasi akafa. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuwa rais wa nchi ile. Wakenya walimjua: mwaka 1960, baada ya Tom Mboya kwenda kumwona, mfuko wa familia yake ulitoa dola 100,000 za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani. Siku hiyo hiyo alifariki pia mwandishi Mkristo C. S. Lewis, mtungaji wa hadithi za Narnia, na magazeti hayakuwa na nafasi kubwa ya kumtaja. Kennedy alizikwa kwa Misa ya Kilatini, maana hati waliyoipigia kura maaskofu siku ya kifo chake ilikuwa bado haijaanza kazi.

Kenya wakati huo ilikuwa inahesabu siku. Kati ya 22 Novemba na uhuru wa 12 Desemba 1963 zilibaki siku 20. Waziri Mkuu wetu alikuwa Jomo Kenyatta, na watu wa Lodwar hawahitaji kuambiwa yeye ni nani. Nyumba aliyozuiliwa ingali hapa mjini. Aliletwa Lodwar Aprili 1959 kutoka Lokitaung, akakaa mpaka Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Waliomleta walidhani huku ndiko mwisho wa dunia, mahali pa kumfanya mtu asahauliwe.

Na tazama ilivyokuwa. Mwaka ule ule Kenyatta alipoondoka, 1961, njaa ya Namotor ikiwa imewaangusha watu, mapadre wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland walifungua misheni hapa. Kabla ya hapo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Hata mmisionari hakuingia apendavyo. Walikuja na chakula, dawa na sala, na Misa yao ilikuwa ya Kilatini. Miaka miwili tu baadaye maaskofu wakapiga kura ile. Kwa hiyo Kanisa la Turkana karibu lote limekua likisali kwa lugha ambazo watu wake wanaelewa. Likawa eneo la kitume mwaka 1968 na jimbo kamili mwaka 1978, chini ya Askofu John Mahon. Sisi tulikuwa wa mwisho kufikiwa, lakini tulipofikiwa tulikuta mlango umeachwa wazi.

Ndiyo sababu leo mama anaweza kutoka kwenye edonga ya nyumbani, ya sauti, makofi na kuruka, akaingia kanisani na sauti ile ile bila kuiacha mlangoni. Anaimba Kiturkana wakati wa matoleo na Kiswahili wakati wa shukrani, na wenzetu kutoka Kakuma wanatufundisha nyimbo za makwao. Hakuna anayemwambia akae na watazamaji. Vijana mnaodhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani, mjue kwamba yalipigiwa kura, na siku ya kura hiyo inajulikana.

Sasa turudi kwa ile orodha yetu. Tulijadiliana jioni nzima. Mmoja alisema tuziache tarehe za vitambulisho jinsi zilivyo, kwa kuwa ni za serikali. Mwingine alisema tuziondoe zote, tusimwaibishe mtu. Mwishowe tulimwuliza yule mama wa sauti ya pili anataka nini. Akafikiri, akasema, "Sesilia hana siku ya kuzaliwa, na bado mnamkatia keki kila mwaka. Niwekeni pamoja naye."

Basi tumefanya hivyo. Katika orodha mtakayoikuta kwenye ukurasa unaofuata, kila anayeijua siku yake ameandikiwa siku yake. Na kila ambaye siku yake ilibaki na mvua, na upepo, na mama aliyekwisha kufariki, ameandikiwa 22 Novemba. Hatusemi kwamba walizaliwa siku hiyo. Kwenye kitambulisho itabaki 1 Januari, na wakienda benki wataendelea kuitaja. Lakini ile waliandikiwa na mtu asiyewajua, na hii wamepewa na watu wanaoimba nao.

Kwa hiyo, baada ya baraka ya mwisho msitoke haraka. Kuna keki, na kuna majina mengi ya kuyaita. Tutaanza na waimbaji walio hai, wasimame wapigiwe vigelegele. Kisha tutawataja waliotangulia mbele ya haki tangu kwaya hii ianze, ambao nao tumewapa siku hii. Tunawaomba muitikie kila jina kwa sauti, hata kama hamkumjua.

Mtakatifu Sesilia, somo wetu, utuombee.